Rangi ya Uso wa Bi Mwanakheri

Walimu wenzangu wa sanaa, hasa nyie vijana mlionizonga kwenye kundi la WhatsApp tangu nistaafu, haya, naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, nusu yenu mnakisikia majumbani ila kukisoma mnaona tabu, na tabu kidogo haiui. Ya pili, mwalimu mkuu wangu wa mwisho hakijui. Vyeo sitavitaja, maana nilivyopata vilikuwa haba, na mshahara ni siri yangu na mume wangu, tena yeye kaambiwa nusu tu.

Nilianza kazi Jalan Bani Bu Hassan, mji wa Waarabu ukingoni mwa jangwa, skuli ya wasichana. Chumba cha sanaa nilichokabidhiwa kilikuwa ghala ya viti vilivyovunjika, na brashi zote zilikuwa zimeganda ndani ya kopo moja. Mwalimu mkuu, bibi wa Kimisri mwenye sauti isiyohitaji kipaza, aliniambia neno moja la kunikaribisha, akiniita abla kama waitwavyo walimu wanawake huku: “Abla Zuwena, nataka birika.” Nikadhani ana hamu ya kahawa, nikatoka mbio kulitafuta. Kumbe alitaka birika la kuchorwa, kwa ajili ya sikukuu ya taifa, tena alitaka ukuta mzima wa mabirika. Nilipouliza kama tunaweza kuchora na kitu kingine, alifikiri sana, akasema: “Jambia.” Baadaye, nilipozoeleka, niliruhusiwa na ngome ya Nizwa. Basi kwa miaka mingi hizo ndizo zilikuwa nguzo tatu za sanaa nilizozisimamia, na hadi leo nikiona birika mkono wangu wa kulia unataka kulisahihisha.

Nyenzo zilikuwa chache. Tulikuwa na masanduku ya penseli za rangi, na ndani ya kila sanduku kulikuwa na penseli moja ya waridi iliyofifia ambayo sanduku liliiita kwa Kiarabu “rangi ya ngozi”. Ngozi ya nani, sanduku halikusema. Wasichana wangu walikuwa wa kila namna: weupe, wa maji ya kunde, wa kahawia, weusi tititi. Wote wakiambiwa wajichore waliigombania penseli ile moja, na wenye nguvu ndio waliokuwa na nyuso. Mwisho wa mwaka kila sanduku lilibaki na kisiki cha waridi na penseli ndefu ya kahawia, haijawahi kuchongwa.

Aliyeliona hilo ni Ustadh Siddiq, mkaguzi wetu wa sanaa, Msudani aliyekuwa akija kwa gari kutoka Nizwa. Tulimwogopa kwa sababu alikuwa hasemi. Aliingia darasani, akakaa nyuma, akatoa wembe na kuanza kuchonga penseli za wanafunzi kimya kimya. Siku hiyo aliiokota ile ya kahawia.

“Hii mbona mpya?”

“Tunaiweka kwa vigogo vya mitende, ustadh.”

“Na wewe ukijichora, utatumia ipi?”

Mie ni wa kahawia, mnanijua. Nikamjibu: “Mie sijichori, ustadh.” Alicheka mpaka wembe ukamwanguka, na tangu siku ile sikumwogopa tena.

Mwaka uliofuata alituita Nizwa kwenye semina. Tulitegemea mafunzo ya birika. Badala yake Ustadh Siddiq, ambaye alisoma Marekani ujanani, alitupa hadithi ya mwanafalsafa mmoja wa huko, Mmarekani mweusi, aliyeishi karne iliyopita ilipokuwa bado mbichi. Falsafa aliisoma mpaka akamaliza vyuo, alisema Ustadh, lakini sifa yake kubwa ni ukunga: aliwazalisha wengine. Aliwakusanya washairi vijana, waandishi wa hadithi na wachoraji, weusi wenzake, akawatia ndani ya kitabu kimoja na kuwatoa mbele ya watu. Wachoraji aliwakumbusha kwamba mabwana wa Ulaya wanahangaika kuziiga sura walizochonga mababu wa Afrika, na wajukuu wenyewe wanazionea haya. Hakuwaambia wazinakili. Aliwataka wajifunze kwa mababu ile kazi ya mkono uliotulia na jicho lisiloomba ruhusa kwa mtu. Waandishi nao aliwaasa wasigeuze kila shairi hotuba, na kwa hilo aligombana na wakubwa wenzake waliotaka sanaa iwe ya kudai haki kwanza.

“Ndani ya kitabu,” Ustadh aliendelea, “zilikuwamo picha za watu weusi zilizochorwa na msanii wa Kijerumani, kwa weusi wao wenyewe, bila ya poda. Zilipotundikwa, mnajua nani walionuna?”

“Wazungu,” tukasema sote.

“Weusi. Walisema wamechorwa weusi mno.”

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mie nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nikiwafikiria jamaa zangu, mmoja mmoja kwa jina. Mwalimu mmoja wa Bahla, mtu makini, akanyanyua mkono: “Ustadh, sasa birika tulifanyeje?”

“Lichoreni,” alisema, “lakini mchore na mkono unaolishika.”

Nimepewa nasaha nyingi kazini, nyingine kwa mhuri. Hii ndiyo iliyonifaa.

Mwalimu yule wa Bahla aliniletea mfuko wa udongo wa wafinyanzi wa kwao, na hapo ndipo chumba changu kilipoanza kunuka. Nyie vijana mnaonunua rangi za chupa, someni. Udongo uchekeche kwa kitambaa cha mtandio. Tia buni iliyokaangwa ikaungua na kusagwa, ukitaka kahawia nzito. Tia chembe ya nili, ileile ya barakoa za bibi zetu wa Sharqiyah, ukitaka weusi wenye uhai. Kisha gandisha kwa kiini cha yai. Ukitia kiini, rangi ikikauka haitoki hata uifanyeje, na ukiipiga vanishi juu yake ndiyo kabisa. Ukikisahau kiini, rangi hukaa ukutani kwa heshima mpaka iguswe na kitambaa chenye maji, halafu inakuaga. Hili la kiini lishikeni, tutalihitaji mbele.

Wasichana walizipa rangi zetu majina: rangi ya mama, rangi ya babu baada ya shamba, rangi ya khaloo, yaani mama mdogo, akitoka saluni. Walianza kujitazama mikono kabla ya kuchora. Wengine waliwekeana mikono ubavuni wakabishana, na nikawaacha wabishane kwa sababu kelele ile ilikuwa somo. Penseli za waridi nilizikusanya zote, tukazitumia kuchora kamba waliochemshwa, maana hao kweli ndiyo rangi yao.

Miaka yangu ya mwisho niliifanya Ibra. Ibra, kwa msioijua, kuna majumba ambayo mlangoni huzungumzwa Kiarabu na jikoni Kiswahili. Wengi wetu tulirudi kutoka Unguja, mie mwenyewe nikiwa bado na meno ya utoto, na kila nyumba imeamua kivyake ni kiasi gani cha Unguja kionekane na wageni.

Huko nilimpata Rayya, mwanafunzi wa darasa la kumi na moja, mkaidi, mwenye mkono ambao mwalimu hupewa mara moja na Mungu akanyamaza. Hadithi ya mwanafalsafa alinitaka niirudie mara mbili, ya pili akiwa ananihoji. Kwa maonyesho ya mwisho wa mwaka aliamua kumchora bibi yake mzaa baba, Bi Mwanakheri, akimenya mbaazi mbele ya televisheni, kanga mabegani, anacheka na jino lake la dhahabu liko nje. Sasa Bi Mwanakheri ni mweusi. Si kahawia, si maji ya kunde, mweusi. Rayya alichanganya udongo, buni na nili wiki nzima, akijaribu juu ya vipande vya karatasi na kwenda navyo nyumbani kuvilinganisha na shavu la bibi aliyelala. Picha ilipokauka nilikaa kitini. Niliona fahari ambayo sikuwahi kuiona kazini, na machozi yakanitoka. Nikawaambia wasichana ni vitunguu, wakati chumba kizima hakina kitunguu.

Siku mbili kabla ya maonyesho alikuja Shamsa, shangazi yake Rayya, mwenye chupa ya kahawa mkono mmoja na sahani ya halua mkono wa pili. Baba yake Rayya anafanya kazi jangwani kwenye mafuta, kwa hiyo mwenye amri nyumbani ni Shamsa, binti wa Bi Mwanakheri. Alinisalimia kwa Kiarabu cha taarifa ya habari mpaka nilipofunga mlango. Kisha akageukia Kiswahili.

“Abla, wallah picha nzuri, mashaallah. Lakini, yaani, mbona mmemtia giza hivi mama yangu?”

“Giza liko wapi? Taa inawaka.”

“Usinifanyie mzaha, yamenifika hapa. Asma anaposwa, dada yake Rayya. Watu wa Sur. Mama wa kijana anakuja maonyesho Jumatano, amealikwa na mwalimu mkuu. Nasi tumeshawaambia sisi ni watu wa Ibra, asili, tangu na tangu.”

“Si ndivyo mlivyo?”

“Ndivyo. Ila tulipita Unguja njiani.”

“Mlipita mkakaa vizazi vitatu, Shamsa.”

“Khalas, abla! Mtie nuru kidogo tu. Kidogo. Usipomtia, picha naichukua leo, na Rayya haonyeshi kitu.”

“Na Bi Mwanakheri kasemaje?”

Shamsa aliitazama halua. “Hajui. Nimemwambia maonyesho ni ya wanafunzi peke yao.”

Basi hapo ndipo nilipokuwa. Nikikataa, picha inaondoka na Rayya anakosa kuonekana na waamuzi wa Nizwa, waliokuwa waje alasiri ya Jumatano hiyohiyo kuchagua picha za maonyesho ya huko. Nikikubali, namtoa bibi wa watu mbele ya mji mzima akiwa na uso usio wake. Nilikula kipande cha halua, kwa sababu halua haina kosa, nikasema: “Haidhuru. Nitamtia nuru.”

Rayya alikuwa nyuma ya kabati anaosha brashi. Shangazi yake alipotoka tu alinijia, macho yamejaa.

“Abla, si wewe uliyetuhadithia yule mwanafalsafa? Si ulisema waliacha kujionea haya? Sasa na wewe unataka kumpaka bibi yangu poda!”

“Rayya,” nikamwambia, “nenda dukani ukaninunulie chaki nyeupe na nyekundu. Mayai usilete.”

Alifika mlangoni, akageuka. Halafu akaelewa, akacheka huku kamasi zinamtoka. Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Bibi wa udongo na kiini alikuwa chini, ameganda, amepigwa vanishi. Juu yake tungepaka chaki iliyosagwa na maji matupu. Mgeni wa Sur angepita asubuhi, angekunywa kahawa yake na kuondoka, nasi tungemfuta Bi Mwanakheri kwa kitambaa kabla waamuzi hawajafika. Nilimpaka mwenyewe, na nilipomaliza alikuwa rangi ya penseli ya sanduku. Shamsa alipokuja kukagua alivuta pumzi. “Mashaallah. Sasa ndiye.” Nikamuuliza ndiye nani, akawa anatafuta viatu vyake.

Jumatano Ibra ni siku ya wanawake. Lipo soko lao la asubuhi ambalo mwanamume haingii, na likimalizika wanawake hutafuta pa kwenda na mifuko yao kabla ya kurudi kwa waume. Siku ile walikuja kwetu. Ukumbi ulijaa mabuibui, manukato, vikapu vya limau na vitambaa vya kushona. Kati yao alikuwamo mama wa kijana, bibi mrefu wa Sur mwenye Kiarabu kilichonyooka na uso usiotaka mchezo. Shamsa alimtembeza taratibu mbele ya mabirika, kwani mabirika bado yapo msijidanganye, mpaka wakafika kwenye picha ya Rayya.

“Mama yako?” mgeni aliuliza kwa Kiarabu.

“Naam.”

Mgeni aliitazama. “Meskina. Anaumwa?”

Shamsa hakuwahi kujibu, kwa sababu mlangoni ilisikika sauti kwa Kiswahili cha mjini Unguja, tena si ya chini: “Asalaam alaykum! Iko wapi hiyo sura yangu? Soko zima limeshaiona ila mie!”

Alikuwa Bi Mwanakheri, kikapu mkononi, kanga juu ya buibui. Wauza sambusa walimpa habari. Rayya alimfuata mbio akamshika mkono, akanitazama mie, nami nikatazama dari. Bibi akasogea kwenye picha, akarudi nyuma, akasogea tena.

“Huyu nani?”

“Wewe, bibi,” Rayya alisema kwa sauti ndogo.

“Mie? Nimekufa lini? Na nani kaniosha?”

“Baadayn, ya ummi, baadaye mama,” Shamsa alimnong'oneza, ananyong'onyea, “njoo tukanywe kahawa.”

“Kahawa nikanywe na uso gani, huu au ule?”

Akaweka kikapu chini. Akachukua ncha ya kanga yake akaitia mate, namna ileile ambayo kila mmoja wetu aliwahi kufutwa uso mlangoni asubuhi ya Idi, akaanza kumfuta yule bibi wa ukutani. Hakuwa na haraka. Shavu likatoka. Pua ikatoka. Paji likatoka, na chini yake macho ya mtu anayecheka. Jino la dhahabu likatoka likiwa linang'aa. Mie roho ilikuwa mkononi, si kwa sababu ya posa, bali kwa sababu ya rangi: kama udongo ungekubali mate yale, kazi ya Rayya ingekwisha pale pale. Kiini kilishika. Nilimshukuru Mungu, kisha nikamshukuru kuku.

Bi Mwanakheri akageuka, akamkuta mgeni wa Sur amesimama nyuma yake mdomo wazi.

“Na wewe mwanangu, unatazama nini?”

“Shikamoo, bibi,” alisema yule mama.

Lilimtoka kabla hajalizuia. Neno hilo halisomeshwi skuli yoyote ya Sur. Hilo mtoto hutiwa kwa kikofi cha kisogoni, na likishaingia halitoki.

“Marahaba. Wa wapi wewe?”

“Sur.”

“Kabla ya Sur.”

Mama wa kijana alimwangalia Shamsa, akauangalia mlango, akashusha mabega. “Mchangani, Unguja,” alisema, kwa Kiswahili safi. “Nisamehe, bibi. Mwanangu kanikataza kusema Kiswahili huku. Kaniambia watu wa Ibra hawa ni Waarabu wa asili, tusije tukajiaibisha.”

Shamsa alitafuta pa kukaa. Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa kazi ya mwanafunzi wa darasa la tisa, ya karatasi na gundi, na mwanafunzi alikuwa hodari sana kwa kuwa kilifanana kabisa na kiti. Hakikumhimili. Tulipomnyanyua, mama wa kijana na Bi Mwanakheri walikuwa wameshafika kwenye majina ya majirani wa Mchangani, nani alimwoa nani na kwa nini asingemwoa.

Nilichukua kitambaa changu cha maji nimalizie, maana sikio moja lilikuwa bado jeupe. Bi Mwanakheri akanishika mkono.

“Hilo liache.”

“Limebaki na chaki, bibi.”

“Ndiyo. Hilo la Shamsa. Siku atakayoacha kunionea haya, atalifuta mwenyewe.”

Shamsa alisikia. Alikuwa akijikung'uta vipande vya karatasi kwenye buibui, akainama akaendelea kujikung'uta hata vilipokwisha.

Waamuzi wa Nizwa walifika alasiri. Walisimama mbele ya picha, wakalitazama sikio, wakanong'onezana, na mmoja akasema kwa uzito kwamba hapa pana falsafa. Sikumkatalia. Picha ikaenda Nizwa na sikio lake, na ikarudi. Nilimpigia simu Ustadh Siddiq, ambaye siku hizi ni mzee wa kujifunika blanketi, nikamweleza yote. Alikohoa kwa kucheka mpaka mkewe akamnyang'anya simu.

Asma ameolewa Sur. Picha ilitundikwa sebuleni kwa Shamsa, kwa amri ya mama yake, na kila nilipokwenda kuwatazama sikio lilikuwa lile lile, jeupe, na Shamsa akikaa mahali ambapo halioni. Sikumuuliza. Mwalimu wa sanaa anajua kusubiri rangi ikauke.

Idi hii iliyopita, nikiwa nimeshastaafu, nilibisha hodi. Shamsa alinifungulia mlango, na pale pale mlangoni, jirani anapita, akasema kwa Kiswahili: “Karibu, abla, karibu ndani, Idi njema.” Nilipoingia nilitazama ukutani. Sikio lilikuwa jeusi, safi, na kipuli chake kidogo ambacho nilikuwa nimekisahau kwamba Rayya alikichora. Shamsa alikuja na birika, akanimiminia, nikautazama mkono uliolishika.

“Limefutwa lini?” nikauliza.

“Sikumbuki,” Shamsa alisema, macho kwenye kikombe.

Bi Mwanakheri, pale kwenye godoro lake na mbaazi zake, alicheka mpaka jino likaonekana.

“Hakumbuki! Kalifuta juzi, mbele yangu, kwa kanga yangu. Tena kwa namna alivyokuwa akilia, hata mate hayakuhitajika.”